Mapipa Matatu na Nusu

Nyumbani, Marafa
Jumapili, tarehe tisa Machi

Dada yangu Zipporah,

Shikamoo dada. Nakuamkia wewe na Tevin, na natumai karatasi hii itawakuta wazima, na kile kikohozi cha Tevin kimekwisha. Mama amesema nikuulize kama ulimchemshia yale majani ya mpera aliyokupa, ama yamekaukia kwenye mfuko kama ule muhogo wa mwaka jana. Huku sisi hatujambo. Mama mguu unamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea. Juzi alikwenda kanisani na kurudi bila fimbo, akajisifu mpaka jioni. Mvua bado. Shamba tumeshalima, limekaa wazi tu, na kila mtu akitoka nje anatazama juu kwanza. Yule mbuzi mweupe alizaa pacha, mmoja akafa.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu iko. Atakuletea Lewa, mtoto wa baba mdogo, anakuja huko Mtwapa kutafuta kazi ya ujenzi. Nimemwambia akupe ukiwa umetoka kazini, si kabla, na asikae kungoja uisome. Wewe unajua kusema kwangu ni shida tangu utoto, na kwenye simu ndio zaidi. Wewe ukinyamaza upande ule na mimi nanyamaza upande huu, mpaka salio linaisha. Kuandika pia siwezi sana, darasa la sita sikulimaliza, makosa utayaona. Lakini karatasi haina haraka na mimi. Hii nimeianza mara nne tangu Krismasi.

Jumatano uliponipigia nilikuwa nasugua sufuria. Ulisema umeitoa picha ya shemeji Kyalo ukutani na kuitia chini ya kitanda, kwa sababu kila ukiitazama unataka kumgombeza. Ukasema, "Nimechoka kumkasirikia mtu aliyekufa. Wewe ulikuwepo, Nyale. Niambie alikosea wapi, nimsamehe, nimalize." Mimi nikasema sijui. Hiyo ni mara ya tatu unaniuliza, na mara tatu nimesema sijui. Leo nakujibu.

Lakini niwie radhi nianzie mbali. Nikianzia mwisho hutaelewa, na nataka uielewe ile hesabu yenyewe kama Kyalo alivyonielewesha mimi.

Unakumbuka ile asubuhi kule Kikambala, wageni hawajaamka, Kyalo akaniingiza kwenye bwawa la hoteli? Yeye wakati ule ndiye aliyekuwa akitunza pampu za bwawa, wewe unafua mashuka kama sasa, na Tevin alikuwa bado tumboni. Mimi nilikuwa nimeacha shule mwaka uleule, nimekuja kutembea tu. Alinipa kaptula yake ikanipwaya, nikawa nimeishika kwa mkono mmoja, wewe ukacheka mpaka ukakalia kapu la mashuka. Akaniambia nizame upande wenye kina nikaguse chujio kule chini. Nilipofika masikio yaliuma kama yanatobolewa. Nilipotoka akaniuliza ni nini kilichokuwa kinanibana. Nikasema ni maji, ni mengi. Akasema la, si wingi. Akasema hata bwawa lingekuwa jembamba, upana wa ndoo tu, masikio yangeuma vilevile nikizama futi zilezile. Kinachobana ni kina, na uzito wa hayo maji yaliyosimama juu yako. Upana haumo.

Nilidhani ni maneno ya kumchezea mtoto. Miaka ikapita, akapata kazi kwenye mtambo wa kutafuta mafuta kule nyikani, na mwaka jana akanivuta na mimi. Aliwaambia wakubwa kwamba shemeji yake hasemi lakini anaona. Siku ya kwanza kambini, kabla hata sijaonyeshwa pa kulala, aliniuliza kama nakumbuka lile bwawa.

Wewe ulikuwa ukimfulia zile ovaroli na kumuuliza kama amelala na nguruwe. Sijui kama aliwahi kukueleza kwamba lile tope si uchafu. Linachanganywa kwa maji na unga wa mawe mazito, na linapimwa kwa mizani kama sukari dukani. Kisima kikichimbwa lazima kijae tope hilo mpaka mdomoni, kwa sababu kule chini kuna gesi imejifungia kwenye mawe, inasukuma itoke, na kinachoizuia ni uzito wa tope lililosimama juu yake. Tope likiwa jepesi, gesi inapanda. Tope likiwa zito vizuri lakini limeshuka ndani ya kisima, gesi pia inapanda. Ni lile bwawa tu, dada, ila jembamba na refu kwenda chini zaidi ya kilomita moja.

Hesabu yake ni fupi. Unachukua uzito wa galoni moja ya tope kwa ratili, unazidisha kwa kina cha kisima kwa futi, halafu unazidisha kwa sifuri nukta sifuri tano mbili. Basi. Kyalo alinikaririsha hivyo mpaka nikawa naisema nikienda chooni. Siku ninayotaka kukueleza, galoni ilikuwa ratili kumi nukta nne, na kina futi elfu sita na mia tano. Ukizidisha unapata tope linakandamiza kule chini kwa ratili elfu tatu mia tano na kumi na tano kwenye kila inchi ya mraba. Gesi ilikuwa inasukuma kwa elfu tatu na mia nne. Sisi tulikuwa juu yake kwa mia na kumi na tano. Kyalo alikuwa akisema hiyo mia na kumi na tano ndiyo godoro letu, kambi nzima tunalilalia. Tope likishuka futi mia mbili tu, imebaki saba.

Kuchimba kwenyewe hakutishi sana. Kinachotisha ni kutoa mabomba. Meno ya chuma yanayochimba kule chini yakiisha makali, lazima mabomba yote yatolewe, matatu matatu yameungana, yanasimamishwa kwenye mnara kama mianzi. Kyalo ndiye aliyekuwa akipanda juu ya mnara, kwenye kibao kidogo, kuyashika vichwa na kuyaegemeza. Sasa ukitoa kijiko kwenye kikombe kilichojaa, chai inashuka. Na kisima ni hivyo hivyo. Kila bomba likitoka tope linashuka, na lazima ujaze.

Tope la kujazia linatoka kwenye tangi dogo pale kando, lenye boya na kamba ya kuonyesha limepungua kiasi gani. Mafungu matano ya mabomba yakitoka, kisima lazima kinywe mapipa matatu na nusu, ambayo ndiyo nafasi ya kile chuma kilichotoka. Kikinywa chini ya hapo, ujue ile nafasi imeshachukuliwa na kitu kingine. Kyalo alisema, hapo ujue kuna mgeni ameingia bila hodi.

Mimi kazi yangu ilikuwa hiyo. Kukaa kwenye tangi, kutazama boya, na kuandika kwa chaki ubaoni kisima kimekunywa ngapi. Kando yangu palikuwa na kamba ya honi. Sheria ya kambi ilikuwa kwamba mtu yeyote, hata mpishi, akiona kisima kimepunguza kunywa, avute honi na kila kitu kisimame. Haombi ruhusa ya mtu.

Kazi ile niliipenda, dada. Sijawahi kukuambia. Shuleni nilikuwa nikichapwa kwa kunyamaza, na pale nililipwa kwa kutazama.

Fundi mkuu wa zamu yetu alikuwa Ochola, mtu wa Kisumu, mkubwa wa mwili, mwenye kucheka. Yeye ndiye aliyeshika breki na kuyavuta mabomba. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Kofia yangu ilipopasuka alinipa yake ya akiba.

Mwezi wa saba nilivuta honi. Kisima kilikuwa kimekunywa mapipa mawili tu, na mimi nikafanya kama sheria inavyosema. Mtambo ukasimama, watu wote mbio, valvu kubwa ya mdomo wa kisima ikafungwa. Saa nzima wanapima na kupima tena. Mwisho Ochola akaja kwenye tangi langu, akalitazama, akalipiga teke moja kwa buti. Boya likaanguka mpaka kwenye tatu na nusu. Lilikuwa limenasa kwenye kutu, hakuna kingine. Watu wakacheka wakashika mbavu. Tangu siku ile nikawa Bwana Honi. Nikiingia kula mtu anafanya pii kwa mdomo. Nikiomba chumvi, pii. Ochola ndiye aliyeanzisha, na kila asubuhi alikuwa akiniuliza kwa heshima kabisa kama Bwana Honi amelala salama. Mimi nacheka nao, ila chumvi nikaacha kuiomba.

Kyalo hakucheka. Alilikwangua tangi lile kutu yeye mwenyewe, jioni akiwa amechoka, akaniambia nilifanya sawa, na hata nikivuta bure mara kumi nivute ya kumi na moja.

Sasa ile siku. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nane, asubuhi ya jua kali. Walikuwa wamekuja wakubwa kutoka Nairobi, wanawake wawili na wanaume wanne, wamevaa buti mpya, wamesimama kivulini karibu na ofisi. Mabomba yalitakiwa kutolewa. Kyalo alipima tope mbele yangu. Aliosha kikombe cha mizani, akajaza, akafunika, akapangusa nje kwa kidole ili lisizidi hata tone. Kumi nukta nne. Akamwaga, akachota upya. Kumi nukta nne. Akaandika kwenye lile daftari lake la bluu lenye tebo za kuzidisha nyuma, akapiga hesabu yote juu ya goti ingawa anaijua kichwani. Daftari akanipa nimshikie, huko juu upepo ungelichukua. Akajifunga mkanda.

Akaniambia, "Shemeji, huko juu silioni tangi. Ukiona, vuta."

Akapanda.

Mafungu matano ya kwanza, kisima kilikunywa tatu na nusu. Nikaandika. Matano ya pili, tatu na nusu. Nikaandika. Ochola alikuwa anavuta kwa kasi siku ile, nadhani kwa sababu ya wageni, alitaka waone zamu yake inavyofanya kazi. Kyalo alikuwa amenieleza zamani kwamba bomba likivutwa mbio linanyonya kama pampu ya baiskeli, linaiita gesi. Niliona ile kasi. Nilijiambia fundi mkuu anajua.

Matano ya tatu, kisima kilikunywa mapipa matatu kamili.

Dada, hapa ndipo nilipokuwa nikisema sijui.

Nilifikiria boya limenasa tena. Nikalipiga tangi teke, kama alivyofanya Ochola. Boya halikushuka. Nikapiga teke la pili mpaka kidole kikauma. Halikushuka. Tangi halikuwa na kutu, Kyalo alilikwangua. Hapo nilijua. Usije ukafikiri sikujua.

Nikainua macho. Ochola alikuwa ameniona napiga teke. Akatabasamu, akainua mkono na kuuvuta chini, kama mtu anayevuta kamba ya honi, akaweka midomo ile ya pii. Mmoja wa wale wageni akageuka kuangalia anamfanyia nani. Wote sita wakanitazama. Mimi mkono ulikuwa umeshafika kwenye kamba, dada. Nikautoa. Nikachukua chaki nikaandika tatu na nusu.

Shuleni nilijifunza jambo moja tu, kwamba mwalimu hamchapi aliyeandika jibu analolitaka yeye. Nililijua jibu linalotakiwa. Nikaliandika.

Matano ya nne, mbili na nusu. Niliandika tatu na nusu. Nikawa najiambia kwamba ya tano ikiwa hivi, basi navuta. Matano ya tano, mawili. Niliandika tatu na nusu. Ukishaandika uongo mara mbili, wa tatu unauandika kwa mwandiko mzuri. Ule wa mwisho ndio ulikuwa mzuri kuliko yote, uko kwenye picha walizopiga wachunguzi baadaye.

Baada ya hapo sikuhitaji kutazama boya. Tope lilianza kutoka lenyewe kisimani, polepole, kama maziwa yanavyopanda jikoni, halafu ghafla likaruka. Nilivuta honi wakati kila mtu alikuwa ameshaona kwa macho yake. Ochola alikimbilia valvu kubwa akaifunga, na kweli ilifunga, na ndiyo maana wote wa chini tulipona. Lakini kilichokwisha kutoka kilikuwa kimekwenda juu, na juu alikuwa mtu mmoja. Tope na gesi vilimpiga pale kwenye kibao. Mkanda ulimshika asianguke. Alining'inia. Tulipomshusha alikuwa hai, mweupe wote kwa tope, macho ndiyo mekundu.

Nilikuambia kwamba nilimshika kichwa njiani mpaka Malindi na kwamba hakusema kitu. Hilo pia si kweli.

Alisema. Pumzi ilikuwa inakatika, nikamwinamia. Aliniuliza, "Kilikunywa ngapi?"

Nikamwambia, "Tatu na nusu, shemeji. Kila mara."

Niliona anapiga hesabu, midomo inatembea, ile yetu ya kumi nukta nne. Kisha akasema, "Basi ni tope langu. Nimelipima vibaya." Hakusema tena. Tulipoingia kwenye lami alikuwa ameshakwenda.

Alikufa akijilaumu, dada. Mimi ndiye niliyempa hiyo lawama, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na nilikuwa na nafasi ya kumwambia kweli, hakuna Ochola, hakuna wageni, ni dereva na sisi wawili tu. Sikusema. Niliogopa asinitazame vibaya.

Yaliyofuata unayajua, ila hukujua yametoka wapi. Wachunguzi walipiga picha ubao. Wakaniita ndani ya hema, wakaniuliza kama niliandika nilichokiona. Nikasema ndiyo. Neno moja tu, na mwenye kuandika akaliandika. Wakafikiri kama Kyalo alivyofikiri. Kama kisima kilikunywa vizuri mpaka mwisho, basi hakukuwa na dalili ya mtu kuiona, na kasi ya Ochola haikudhuru kitu. Kilichobaki ni tope kuwa jepesi tangu asubuhi, na anayechanganya na kupima tope ni Kyalo. Ripoti ikatoka hivyo. Ochola alihama baada ya wiki mbili, namba yake haipatikani. Mtambo wenyewe ulibomolewa ukapelekwa kwingine, pale imebaki zege na kibao cha kukataza kuingia.

Na kutoka hapo ndipo mama mkwe wako, mama Mumbua, aliposimama kaburini kule Mwingi akauliza mbele ya watu, mtoto wake aliyekuwa akihesabu hata maharagwe kwenye sahani ya muthokoi, leo amepima vipi kitu kibovu. Wewe ukamjibu kwa uchungu kwamba hata wewe hukumjua, na mpaka leo hamsalimiani. Na Tevin akaambiwa shuleni kwamba baba yake alichanganya tope kama uji wa mgonjwa karibu aue watu arobaini. Ulinieleza hilo ukilia, na mimi nikakupa pole. Nilikupa pole, dada.

Krismasi ulikuja na viatu vya Kyalo na zile shati mbili, ukasema wa kuvivaa ni mimi kwa sababu mimi ndiye niliyemshika mara ya mwisho. Mama anashangaa sivai. Viko juu ya kabati, nimevifunika gunia.

Pamoja na barua hii Lewa atakupa daftari la bluu. Siku ile lilibaki mfukoni mwangu, na wachunguzi walipouliza kama Kyalo aliacha maandishi yoyote, nilisema sijaona. Fungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Utaona tarehe, utaona kumi nukta nne mara mbili, na hesabu nzima kwa mwandiko wake mpaka ile mia na kumi na tano ambayo ameipigia mstari. Mimi nilikuwepo, nilimwona akipima. Tope lake lilikuwa sawa. Hakukosea mahali popote. Ulitaka kujua alikosea wapi umsamehe, na hana la kusamehewa.

Chini ya hesabu ameandika mstari mwingine, si wa hesabu. Ameandika: Nyale anaweza kuachiwa tangi peke yake. Nimemtazama wiki tatu, anaona kila kitu. Alikuwa anataka kuwaonyesha wakubwa nipandishwe cheo. Kusema kweli, nilificha daftari kwa ajili ya mstari huo zaidi ya hesabu. Nimeusoma mara nyingi. Naomba usimsomee Tevin huo, msomee ile hesabu tu. Ameshafika darasa la nne, kuzidisha anajua, mwache azidishe mwenyewe aone jibu la baba yake.

Mama sijamwambia, nimetaka uanze wewe kujua. Jumatatu ya wiki ijayo nakwenda Malindi, kwenye ofisi ya kazi, kusema niliyoandika hapa. Nitasema kwa mdomo, hata nikigugumiza, na nitawaambia wapige simu kwako waone daftari. Kisha nitakwenda Mwingi kwa mama Mumbua. Nauli ninayo, niliuza mbuzi. Sitakuja Mtwapa mpaka uniite. Usiponiita nitaelewa, na sitamtuma mtu kuniombea. Lakini picha naomba uirudishe ukutani hata kama hutaki kuniona mimi tena. Ile haina kosa.

Msalimie Tevin, mwambie mjomba wake anamkumbuka. Wasalimie wenzako wa chumba cha kufulia, na yule mama wa mahamri kama bado yuko mlangoni. Mama anasema ule, usikae na chai kavu. Mimi nakutakia amani, ingawa najua nimechelewa kuitaka.

Nimeyaandika tena hapa chini kama yalivyotakiwa kuwa ubaoni, mafungu matano matano, na safari hii natia jina langu.

Tatu na nusu.
Tatu na nusu.
Tatu.
Mbili na nusu.
Mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Nyale Ngala